Kisanduku Kisichoandikwa Jina

Siku ya kuniaga mlinipa keki yenye picha yangu juu yake, kisha mkaniambia nikate. Nani anakata uso wake mwenyewe kwa kisu? Nikakata pembeni, kwenye mtandio, halafu nikaombwa niseme machache, na badala ya kusema nikalia. Thuraya, mwanafunzi wangu wa mwisho, akanipa karatasi nifute macho, mkapiga makofi kama vile nimehutubia. Basi yale niliyotaka kuyasema nayaandika sasa, kwa mkono, kwa sababu simu inanibadilishia maneno yangu. Mtavumilia hati.

Nna jambo moja tu ninalolitaka kwenu. Katika kabati la chuma pale warshani, rafu ya chini kabisa, kuna kisanduku kimefungwa kwa kipande cha kanga nyekundu. Msikitupe, msimpe mteja, wala msikiandike jina mpaka siku yake ifike. Ni cha Kaka Mathai. Kati yenu ni Bilal na Muhandis Hilal tu waliofanya kazi naye. Nyinyi wengine hamumjui, na kitu cha mtu usiyemjua ni rahisi kukitupa. Kwa hiyo lazima nianze mbali.

Mie Ghala, mtaa wa viwanda hapa Muscat, nilikuja kupika chai. Mume wangu Harith, Mola amrehemu, alikuwa ameshatangulia, watoto wako skuli, na mimi mwenyewe skuli nilisoma Unguja mpaka darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kusoma najua, kuandika pia, lakini taratibu, kama mtu anayechagua mchele. Muhandis Khalfan, aliyeifungua warsha ile, alikuwa mtu wa Unguja kama mie. Aliniuliza swali moja.

"Bi Ghaniya, chai yako ya iliki au ya tangawizi?"

"Inategemea nani mgonjwa," nikamwambia.

"Anza Jumamosi."

Wakati ule warsha ilikuwa chumba kimoja, kulia gereji ya kupiga rangi magari, kushoto duka la matairi. Nilikuwa nafuta vumbi jeusi la upande huu, na nikimaliza linaingia jeupe la upande ule. Ndani kulikuwa na meza ndefu, na kwenye meza ile alikaa Mathai.

Kazi yenyewe nyinyi mnaijua, lakini wajukuu zangu watayasoma haya nao hawaijui, basi nieleze kidogo. Pampu ya maji, mashine ya barafu, jenereta, kila moja ina lugha yake ya zamani, inasema kwa nyaya mbili nyembamba. Kompyuta ya ofisini ina lugha nyengine kabisa. Katikati yao kinawekwa kisanduku, ukubwa wake kama pakiti ya majani ya chai, kinasikiliza huku na kusema kule. Kwenye karatasi za kampuni kinaitwa getiwei, sisi tulikiita kisanduku tu. Kikitoka kiwandani hakijui lolote. Lazima mtu akae nacho akifundishe: anwani yako hii, mashine utakayoisikiliza ile, inasema kwa kasi hii, na wanaoruhusiwa kukuuliza ni hawa. Kazi hiyo ya kufundisha ndiyo iliyokuwa ya Mathai.

Alikuwa mtu wa Kerala, Bara Hindi, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni hata mwezi wa sita joto la Muscat linapounguza, masharubu yametiwa rangi nyeusi kuliko nywele zake. Kiswahili alikipata kwa Muhandis Khalfan, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha Unguja, ila kimekaangwa kwa mafuta ya nazi ya kwao. Siku yangu ya kwanza nilipoiona ile meza, misumari, nyaya, bisibisi, vikombe vya chai ya juzi, nikaona huyu bwana hana mtu. Nikasafisha. Misumari nikaipanga kwa ukubwa, bisibisi nikazilaza pamoja kama vijiko. Akarudi kutoka kula.

"Nani kafanya hivi?"

"Mie. Palikuwa pachafu."

"Dada, hapakuwa pachafu," akasema polepole. "Palikuwa pangu."

Nikaona haya. Lakini hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa na kisanduku mkononi, na upande wake mmoja kulikuwa na kitobo kidogo ambacho kalamu haiingii. Alikuwa akitafuta sindano yake, na sindano sasa iko wapi anajua Ghaniya. Nikachomoa pini kwenye mtandio wangu nikampa. Hakuipokea. Akanisogezea kisanduku.

"Bonyeza wewe. Shikilia, usiachie mpaka taa zote ziwake pamoja."

Nikabonyeza. Taa zikawaka zote, zikazima zote, kisha ikarudi moja ya kijani, peke yake.

"Sasa kasahau kila kitu," akasema. "Yuko kama alivyozaliwa."

"Masikini," nikasema.

Mathai akanitazama. Miaka mingi baadaye aliniambia kuwa ni kwa neno lile alinifundisha kazi. Walikuwa wameshapita vijana wengi mezani pale, na wote waliuliza kinagharimu kiasi gani.

Somo la kwanza alilonipa mie nililirudia kwenu mpaka mkanichoka, na bado nalirudia. Msiwashe wapya wawili pamoja. Wote wanatoka kiwandani na anwani moja. Ukiwawasha wawili, kompyuta ikiuliza nani yuko hapo, wote wanajibu kwa jina moja, na hupati la maana kwa huyu wala yule. Mmoja mmoja. Mfundishe, mpe anwani yake, mzime, ndipo umwashe mwengine. Nilikuwa nafanya hivyo huku chai iko motoni, na sikumbuki chai kuchemka ikamwagika zaidi ya mara chache, ingawa Suleiman, aliyekuwa fundi wetu wa kwenda nje, atasema vyengine.

Mwanzo visanduku vilikuwa na namba tu. Lakini mlinzi wa pampu kule Sidab, Mzee Shaaban, anataja namba kwa Kiarabu kwenye simu, pampu inanguruma nyuma yake, Mathai anaisikia kwa kichwa cha Kimalayalam, lugha ya kwao, anaiandika kwa Kizungu, na Suleiman anapanda gari kwenda Barka wakati mgonjwa yuko Sidab. Mambo hayo yalipotokea zaidi ya mara moja, Muhandis Khalfan akaja jikoni kwangu.

"Bi Ghaniya, wewe husahau jina la mtu. Hebu tupe majina."

Kweli sisahau. Mpaka leo nakumbuka aliyekuwa akituuzia uji mtaani kwetu, Bi Tatu, na mwanawe Ame, na mbuzi wao Zaituni. Nikaanza kugawa. Cha kwanza nikakipa jina la shangazi yangu Moza, kwa mapenzi, kwani ndiye aliyenipokea tulipofika Muscat, na alikuwa bado hai, anakaa Sidab, ana nguvu zake.

Siku moja Shangazi Moza akaja Ghala na hotipoti ya vitumbua, aone hiyo kazi yangu mpya. Kakaa kwenye kiti cha wageni, kafunua hotipoti, harufu imejaa. Hapo hapo Suleiman akaingia kutoka nje, hajamuona mgeni, anapiga kelele mlangoni.

"Moza kafa! Tangu asubuhi hasemi. Nimemng'oa, nimemtia kwenye boksi. Leteni mwengine!"

Shangazi Moza akafunika hotipoti yake taratibu.

"Ningejua," akasema, "nisingeamka alfajiri kukaanga."

Suleiman alitamani kuingia chini ya meza. Akaapa, akaeleza, akaomba radhi mpaka kwa Kiarabu. Shangazi akataka akione. Nikampa, akakigeuza geuza kiganjani.

"Kadogo hivi? Mie nilidhani utanipa jenereta." Kisha akanirudishia. "Wapeni waliokwisha kufa, mwanangu. Wao hawatashtuka wakisikia wamekufa. Na watu watapata sababu ya kuwataja."

Hivyo ndivyo ilivyoanza kanuni yetu, na si kwa uchawi wala ushirikina kama alivyodhani mteja mmoja. Jina halipewi kisanduku mpaka mwenyewe awe ameondoka duniani. Muhandis Khalfan akaleta jina la baba yake, Suleiman akaleta la mwalimu wake wa chuoni. Baada ya siku kadhaa Mathai akaniandikia kwenye kipande cha karatasi ya gundi: Mariamma. Mkewe. Alimzika Kerala kabla sijamjua, akabaki na binti mmoja, Annamma.

"Tumuweke wapi?" nikamuuliza.

"Mahali pa baridi. Alikuja Muscat mara moja tu, akasema hii si nchi, hii ni tanuri."

Tukamuweka kwenye ghala la baridi la mfanyabiashara mmoja wa tende. Na Mariamma akatusumbua! Kila adhuhuri anakata maneno, kila alasiri anarudi kama hakukuwa na kitu. Tulibadilisha waya, tulibadilisha kasi, tukamlaumu fundi wa umeme. Mwisho Mathai akasema twende tukamuone. Kumbe ghala lina baridi, lakini yeye kafungwa nje, ndani ya sanduku la chuma linalotazama jua. Ukilishika unaungua. Mathai akafungua mlango wake, hewa ya moto ikampiga usoni, akamwambia kwa Kimalayalam maneno ambayo sikuyaelewa, ila sauti niliielewa. Tukamhamishia ndani, kivulini. Tangu siku ile hakukata tena.

"Hata nyumbani alikuwa akilala adhuhuri," Mathai akaniambia garini. "Ningekumbuka mapema."

Vijana wangu, kisanduku kikikaa kimya, kabla hamjafungua kompyuta nendeni mkaguse sanduku lake kwa mkono.

Miaka ikaenda. Chai ikachukuliwa na mashine ya kubonyeza, nami nikahamia mezani moja kwa moja, kiti changu ubavuni mwa kiti cha Mathai. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Alikuwa akishika kisanduku karibu na pua. Kisha akaanza kuniuliza, kama anayenipima:

"Dada, taa ya pili rangi gani?"

"Kijani."

"Inapepesa?"

"Inapepesa."

"Vizuri," anasema, kama mwalimu. Lakini mwalimu hamuulizi mwanafunzi swali lile lile kila siku. Ilikuwa sukari. Ilimwingia machoni kidogo kidogo, ikaanza na rangi. Daktari wake alimpa dawa na nasaha, na Mathai alitumia dawa.

Siku moja, tunakula, akaniambia mwenyewe.

"Najua siku moja nitaondoka. Siogopi kuondoka. Ila nataka siku hiyo niseme mimi. Nisimame mimi, niseme mimi. Nisiitwe ofisini nikaambiwa Mathai, tiketi yako ya kurudi kwenu hii."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, jamani, hakutaka jengine. Tukaendelea hivyo, yeye kichwa na mie macho. Hatukumficha mtu, tulikaa meza moja mbele ya kila mtu, mwenye kutaka kuona angeona. Lakini kama angekosea, hata mara moja, na kosa likasemwa ni la macho, basi tiketi ingekuja bila yeye kufungua mdomo. Nilikuwa nasoma taa zile kama ninavyosoma Qur'ani, siruki hata moja.

Muhandis Khalfan akastaafu, akaja Muhandis Hilal. Hilal leo ni mkubwa wenu na mnamjua, wakati ule alikuwa kijana, kazaliwa hapa hapa Muscat, Kiswahili kapewa na bibi yake, kwa hiyo anasema kama kikongwe. Mtu mwema, ila mambo yake kwa mstari. Bilal naye ndiyo kwanza kaingia, wazee wake watu wa Tabora, Kiswahili cha bara, tukicheka naye kila siku.

"Bibi, mnasemaje 'chengine'? Ni 'kingine'."

"Kingine ni cha kwenu. Hapa meza yangu, ni chengine."

Sasa kisikilizeni kisa cha Zuwena.

Zuwena alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Alibaki Unguja na akafia huko, sikuwahi kumzika. Jina lake nililipa kisanduku cha pampu ya maji ya Sidab, ile inayosukuma maji kwenda nyumba za juu, zilizopanda majabali. Mwaka mmoja umeme ulikuja kwa kishindo ukampiga Zuwena, akafa papo hapo, hana taa hata moja. Tukatengeneza mwengine haraka. Na sisi desturi yetu mnaijua. Bibi akifa, jina linakwenda kwa mjukuu. Mpya akachukua jina la marehemu na anwani yake pia, kwa sababu kompyuta ya ofisini inamtafuta pale pale alipomzoea. Mambo yakatulia, na mie nikafurahi dada yangu anaendelea.

Baada ya muda mrefu zikaanza simu. Maji ya Sidab yanakuja na kukatika. Pampu inawaka bila kuambiwa, inazima tangi likiwa tupu. Kwenye kompyuta Zuwena mara anasema tangi limejaa, mara limekauka, ndani ya pumzi moja. Muhandis Hilal akaangalia, akaangalia tena, kisha akaniita pembeni.

"Bibi, Zuwena alitengenezwa na Mathai?"

"Na mie."

"Lakini Mathai ndiye aliyeamua namba." Akashusha sauti. "Mimi simchukii, Bibi, wallahi. Lakini kama haoni anachokiandika, leo ni maji, kesho ni boila, mtu ataumia. Nikirudi Sidab nitakaa naye. Bora apumzike."

Nikasema, "Basi kama ni hivyo, na yeye aende Sidab. Asihukumiwe akiwa Ghala."

Hilal akafikiri, akakubali. Tukaenda wanne, Hilal anaendesha, Bilal mbele, mie na Mathai nyuma. Mathai alikuwa kavaa shati jipya. Nikajua ameshajua.

Kule Sidab wanawake walikuwa wanatusubiri na ndoo. Bi Safiya, ambaye nyumba yake ndiyo ya juu kabisa, akamkabili Hilal.

"Muhandis, maji yenu yana haya? Yanachungulia, yanatuona, yanarudi!"

"Leo, mama, inshallah."

"Inshallah yako ina siku ngapi?"

Tukafungua sanduku la pampu. Mathai akasimama pembeni yangu, kafumba macho, kwani kuyafumbua hakukumsaidia.

"Niambie, dada."

"Ya umeme kijani. Ya mtandao kijani. Ya nyaya mbili inapepesa, lakini vibaya. Inakwenda, inasita, kama mtu anayekatizwa maneno."

"Anayekatizwa," Mathai akasema. "Kasi sawa? Anwani sawa?"

Hilal akasoma kwenye kompyuta yake ya kupakata. Vyote sawa, kama vilivyoandikwa siku ya kwanza. Nikaona bega la Mathai linashuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akasema, "Dada, chomoa kebo ya mtandao. Muhandis, sasa muulize."

Nikachomoa. Hilal akabonyeza, akakunja uso.

"Anajibu."

"Dada, kebo iko wapi?"

"Mkononi mwangu."

"Basi anayejibu ni nani?"

Bismillahi! Nywele zilinisimama chini ya mtandio. Dada yangu kafa miaka mingi, kisanduku chake nimekikata mdomo, na bado anajibu. Hilal lakini hakushtuka, na hapa nampa haki yake. Kila kisanduku kina namba ya kuzaliwa, ya kiwandani, ambayo haibadiliki hata ukibonyeza pini mpaka ikunjike. Akaifungua namba ile kwenye kompyuta, akailinganisha na iliyo ubavuni mwa Zuwena wangu.

"Huyu siye huyu," akasema. "Wako wawili."

Bilal akaanza kujikuna kichwa.

"Kile nilichofunga juzi juzi kule juu kwenye tangi... nilikitoa kwenye rafu ya Mzee Mathai. Nilidhani ni kipya kilichokwisha kufundishwa."

Tukamgeukia Mathai. Akawa anacheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka.

"Zuwena! Nilimtengeneza, dada. Yule aliyepigwa na umeme. Sikuweza kumtupa, jina lake limo ndani. Nikabadilisha kile kilichoungua, nikamweka rafuni. Dada yako hakufa!"

Kumbe ndivyo. Tulimrithisha mjukuu jina na bibi bado yu hai rafuni. Kwa wengine kisanduku kikifa kinatupwa, na mpya hupewa namba mpya, hawana tabu hii. Sisi tu ndio tuliomfanyia kisanduku mirathi kabla hatujauliza kama amekufa kweli. Na somo lile la siku ya kwanza, msiwashe wawili wenye anwani moja, wote tunalijua kwa moyo, ila hakuna aliyefikiri kuwa linawahusu na wazee.

Hilal alijaribu kutocheka. Akashindwa.

Tukapanda mpaka kwenye tangi, taratibu, magoti yangu na macho ya Mathai. Nikachomoa pini ya mtandio nikambonyeza yule wa juu mpaka taa zikawaka zote. Sikusema masikini safari hii, lakini nilifikiri. Sasa anataka jina jipya. Na Shangazi Moza alikuwa ameshatangulia, Mola amrehemu, na Sidab ndiko kwao. Nikaandika, herufi moja moja, na Mathai akanisomea anwani ya kumpa, yote ilikuwa kichwani mwake. Moza akapata tangi zima. Si jenereta, lakini kubwa. Tuliposhuka, maji yalikuwa yanatiririka kwa Bi Safiya, naye kasimama mlangoni, kaloa mpaka kwapa, anatutumia salamu ambazo nusu yake ilikuwa dua.

Kurudi tulipita njia ya Matrah, pale kwenye bandari, imesimama meli kubwa ya watalii. Mathai akasema kutoka nyuma:

"Muhandis, leo macho yangu hayakukosea."

"Hayakukosea, Mathai. Nisamehe, nilishaamua kabla sijaona."

"Hukunikosea. Basi leo naweza kusema." Akajikohoza, akafunga kifungo cha shingoni ambacho kilikuwa kimeshafungwa. "Macho yangu hayaoni taa. Tangu zamani. Dada ndiye anayeniambia. Nataka kwenda nyumbani kwa Annamma. Nipe muda nimalizie kumfundisha Bilal, kisha nataka kwenda."

Mie nikageuka dirishani nikaitazama ile meli kama sijapata kuona meli. Kwa miaka yote nilikuwa nalinda siku ile asinyang'anywe, na ilipokuja ikawa nzuri, na iliniuma vile vile.

Taa ya barabarani ikawa nyekundu, Hilal akasimamisha gari. Akageuka mzima mzima.

"Utasema wewe lini, Mathai. Sisi tutaagana nawe siku utakayosema."

Wiki zake za mwisho Mathai akaanza kunisumbua.

"Dada, na mimi nipe kisanduku."

"U hai."

"Kidogo tu."

"Kanuni ni kanuni. Shangazi atanikasirikia."

"Basi niwekee akiba."

Kwa hiyo siku yake ya mwisho, badala ya keki, tulikaa mezani yeye na mie tukatengeneza kisanduku kimoja. Yeye anasema, mie naandika. Yeye anauliza, mie namwambia taa. Kila kitu tulikijaza isipokuwa jina. Nikachukua kanga yangu nyekundu, nikaikata, nikakifunga kwa kipande kimoja.

"Mahali pa maji," akaniambia. "Usinipeleke kwenye dizeli. Dizeli nimeinusa ya kutosha."

Sasa yuko kwao Kerala, haoni kabisa. Annamma ndiye anayenipigia simu kila Ijumaa na kumpa mkononi, naye ananiuliza mmoja mmoja kwa jina. Mariamma hajambo? Moza vipi? Muhandis Hilal kaweka namba kwenye mfumo wote, kama inavyotakiwa siku hizi, lakini majina hakuyafuta kwenye vifuniko, na kwa hilo Mungu ampe kheri. Ila mie ndiye niliyekuwa najua nani ni nani, na sasa mie niko jikoni kwangu. Ndiyo maana mnayasoma haya.

Annamma anayo namba ya warsha. Siku atakapokupigieni, mpeni pole kwanza, kazi baadaye. Kisha kitoeni kisanduku, mkiwashe peke yake. Mtasema ni cha zamani, kimepitwa. Basi tafuteni pampu ya zamani, zipo. Ulizeni kwanza kama hakuna mwengine anayejibu kwa anwani ile. Mkishapata kimya, muandikeni Mathai, polepole, kama ninavyoandika mie. Mahali pa maji.

Nyuma yake, kwenye kipande cha pili cha ile kanga, mtakuta kisanduku chengine. Hicho nilikitengeneza mwenyewe, na Bilal aliniona akajifanya anatafuta bisibisi. Msiulize cha nani. Kiwekeni karibu na cha Mathai kama nafasi itakuwepo, huenda akataka kuambiwa taa.

Ijumaa iliyopita kapiga. Nikamwambia naandika habari zake. Akauliza kama zinamalizika vizuri.

"Hazijamalizika," nikamwambia. "U hai."

"Una hakika, dada? Umeniuliza?"

"Nimekuuliza, umejibu."

"Na kebo iko wapi?"

Tukacheka mpaka Annamma akaja kuona kuna nini. Kwa hiyo, wanangu, pini yangu nimemuachia Thuraya, na kabati, kwa sasa, liacheni limefungwa.